Dodoma inajua kupanda, haijajua kukata

Mvua zinapokaribia, Dodoma huingia katika shughuli ya miche. Pikapu hupita zimejaa viriba, viongozi hushika jembe mbele ya kamera, wanafunzi hupangwa mstari kando ya mashimo, na jioni kila taasisi hutangaza idadi ya miti iliyopanda. Desemba 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua pale Mzakwe kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, na tangu hapo shughuli hii imekuwa ada ya mji. Sina ugomvi nayo. Mji unaopata msimu mmoja tu wa mvua, wa milimita zisizofika 600 kwa mwaka wa kawaida, kisha ukakaa juani kuanzia Mei hadi Novemba, hauwezi kusema umetosheka na vivuli.

Ugomvi wangu ni na kinachofuata mti ukishashika. Kwa miaka mitano, sita, hakuna anayeugusa. Matawi yanapishana, mengine yanalalia bati, mengine yanafunga njia ya gari. Halafu siku moja mwenye nyumba anakereka, anamwita kijana anayepita na panga, anamwambia neno moja tu: “Punguza.” Akirudi kutoka kazini anakuta mwarobaini wake umebaki shina na vigutu vitatu vinavyotazama mbingu. Zunguka Area C, Kisasa, Ilazo au Chang'ombe mwezi wa tisa, uone kama nimetia chumvi. Miti iliyonyweshwa maji ya ndoo ikiwa michanga ndiyo inayokatwa vichwa ikiwa imekomaa, tena katika miezi ambayo kivuli kinatafutwa kwa tochi.

Msimamo wangu ni huu: Dodoma haina uhaba wa miche kama ilivyo na uhaba wa mikono inayojua kukata. Na jambo la kusikitisha ni kwamba mikono hiyo ipo, tena karibu, ila iko shambani na sisi wa mjini hatujaiita.

Wanaotetea panga wana hoja yao, na tuisikilize. Wanasema mwarobaini haufi. Ukate leo, mwakani umerudi na majani tele kuliko mwanzo. Mjohoro nao vivyo hivyo. Ni kweli, miti hiyo ina uwezo mkubwa wa kuchipua. Lakini kuchipua si dalili ya afya. Mti uliopoteza majani yote umepoteza kinachoutengenezea chakula, kwa hiyo unatumia akiba iliyo kwenye shina na mizizi kutoa machipukizi mengi kwa haraka ili usife njaa. Machipukizi hayo huota chini kidogo ya gome, hayakuzaliwa pamoja na moyo wa mti kama tawi la asili. Yanakua marefu na mazito upesi, huku yameshikiliwa na tabaka jembamba la mti lililo juu ya kigutu kinachooza. Upepo wa Agosti na Septemba, ambao mkazi wa Dodoma hahitaji kuelezwa, unayang'oa yakiwa na unene wa paja. Aliyekata mti kichwa ili usimwangukie juu ya bati amejitengenezea mti utakaomwangukia juu ya bati.

Upo ukataji wa kichwa ulio halali. Miji ya Ulaya imeufanya kwa karne nyingi kwenye miti ya barabarani. Mti unaanzwa ungali mdogo, unakatwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mahali palepale pa mwanzo, matawi yakiwa bado membamba. Hiyo ni kazi ya ratiba na inataka mtu wa kuirudia maisha yote ya mti. Ya kwetu inafanywa mara moja kwa hasira, halafu inasahauliwa kwa miaka mingine sita.

Kukata vizuri si siri ya wataalamu. Chukua tawi la mwarobaini lenye unene wa mkono, lile linalosugua bati. Acha panga ndani, chukua msumeno. Mkato wa kwanza unapigwa kutoka chini ya tawi, kama shubiri moja kutoka kwenye shina, ukiingia theluthi ya unene. Mkato wa pili unapigwa kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi litaanguka kwa uzito wake, na gome halitachanika kushuka na shina, kwa sababu ule mkato wa chini umelizuia. Sasa umebaki na kigutu kifupi. Tazama pale kinapoungana na shina. Utaona uvimbe mdogo na gome lenye mikunjo. Mkato wa tatu unapita nje tu ya uvimbe huo, usiuguse na usiache kigutu mbele yake.

Sababu ya kujali sentimita mbili hizo ilielezwa vizuri na Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyetumia miaka mingi kupasua miti kwa msumeno wa mnyororo ili aone ndani kulitokea nini baada ya jeraha. Alionesha kwamba mti hauponyi kidonda kama mwili wa mnyama. Unakizungushia ukuta, kisha unaota mti mpya kukifunika. Sehemu yenye uwezo mkubwa wa kujenga ukuta huo ni ule uvimbe. Ukiukata kwa kulaza msumeno sawasawa na shina, umeondoa mlinzi. Ukiacha kigutu kirefu, umemzuia asiifikie kazi yake, na kigutu kinakufa na kukauka. Hapa Dodoma tunajua nani anahamia kwenye mti mkavu: mchwa. Ataanzia kwenye kigutu na kushuka taratibu hadi moyo wa shina.

Shigo alipinga pia ile tabia ya kupaka kidonda rangi au oili. Rangi haikuzuia kuoza katika miti aliyoichunguza. Chokaa nyeupe tunayoiona kwenye mashina ya miti ya shule na ofisi ina faida nyingine: inarudisha mwanga wa jua, hivyo inalilinda gome lililozoea kivuli likaachwa wazi ghafla. Oili chafu ya gari haina faida yoyote. Wala usivuke robo ya majani ya mti mzima kwa mwaka. Kama kuna kazi kubwa kuliko hiyo, igawe kwa miaka miwili au mitatu. Na tawi likiwa limekaribia nyaya za umeme, usipande na msumeno wako. Hiyo ni kazi ya TANESCO.

Sasa nirudi kwenye ile mikono niliyosema iko shambani. Anayetaka kuiona aende Hombolo, Mpunguzi au Bihawana wakati zabibu zinakatwa. Katika nchi za baridi, mzabibu huambiwa na majira lini ulale na lini uamke. Baridi inapukutisha majani, joto linarudi, macho yanafunguka. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, na mzabibu ukiachwa utaendelea kujitambaza, majani juu ya majani, vijiti vyembamba visivyo na kitu. Hivyo mkulima wa Dodoma ndiye anayeuletea majira, kwa mkasi. Anapumzisha shamba baada ya mavuno, anakata, macho yaliyobaki yanafumuka, na baada ya miezi minne hivi kuna vichala. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, wakati mashamba maarufu ya Ulaya yanavuna mara moja.

Mtazame anavyofanya. Anasimama mbele ya shina na kulitazama kwanza, mikono imetulia. Anatafuta kijiti cha msimu uliopita, kilichokomaa na kugeuka rangi ya kahawia, maana hicho ndicho kitakachozaa. Anahesabu macho mawili au matatu kutoka kwenye shina, anakata kwa mshazari juu ya jicho la mwisho, na maji yanaanza kudondoka kwenye kidonda. Vijiti vingine vyote vinaondoka. Mgeni akipita ataona shamba limeharibiwa. Mkulima ameshaona mavuno, kwa sababu kabla hajakata alijua kila jicho aliloliacha litafanya nini. Elimu hiyo imejengwa mkoani kwa zaidi ya nusu karne, na kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kimekuwa kikiiendeleza. Haijavuka uzio wa shamba ikaingia kwenye ua wa mtumishi wa umma aliyehamia juzi.

Ikivuka, jambo la kwanza itakalotufundisha ni kuuliza: mmea huu unazaa wapi, na lini? Mwembe hutoa maua kwenye ncha za vijiti vilivyokomaa, katika miezi ya ubaridi, Juni hadi Agosti. Anayepunguza mwembe mwezi wa tano amezikata embe zake mwenyewe kabla hazijaonekana, kisha atalaumu mbolea. Mwembe hukatwa mara tu matunda yanapokwisha, ili vijiti vipya vipate mvua iliyobaki na muda wa kukomaa. Katikati ya mti pafunguliwe jua na hewa, na kimo kizuiwe mapema, maana embe zilizo juu ya paa ni za popo.

Mpera una tabia tofauti. Huzaa kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo haukuogopi ukiwa na mkasi. Mpera uliochoka hufufuka kwa kukatwa. Mkomamanga, ambao unavumilia ukame wetu vizuri, hutoa maotea mengi shinani hadi unakuwa kichaka. Chagua mashina matatu hadi matano yaliyosimama vema, mengine yang'oe kila yanapotokea. Mchungwa hautaki kukatwa sana. Ondoa matawi makavu, na zaidi ya yote chunguza chini ya kiungio. Michungwa mingi ya vitalu imebebeshwa juu ya shina la limau kali, na chipukizi likitoka chini ya kiungio hicho, hilo si chungwa. Lina nguvu, lina miiba, na likiachwa mwaka mmoja au miwili litaudhoofisha mti ulioununua hadi ufe, ubaki na malimau machungu usiyoyapanda.

Bogenvilia, pambo la mageti yetu, hutoa maua kwenye vijiti vipya. Ikatwe maua yakishapukutika, irudi na mengine. Uzio wa michongoma ukatwe ukiwa mpana chini na mwembamba juu, ili jua lifike hadi kwenye nyayo zake. Wengi hukata kinyume, juu kunatanuka, chini kunakufa kwa giza, na kuku wa jirani wanapita. Na kwa wenye uzio wa minyaa, kama ilivyo desturi ya kaya nyingi za Wagogo, tahadhari ni moja: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu kwa muda. Vaa miwani, vaa mikono mirefu, waweke watoto mbali, na osha panga kabla ya kujifuta jasho.

Yote haya ni rahisi zaidi mti ukiwa mdogo. Samaki mkunje angali mbichi. Mche wa mwaka wa pili unaohitaji kuchaguliwa shina moja kati ya mawili yanayogombana unamalizwa na mkasi kwa nusu dakika. Mashina hayo yakiachwa miaka kumi, yatapasuka katikati siku ya dhoruba, na hakuna fundi atakayeyaunga.

Kuna watu wengine wa uwanda huu wanaokata kwa akili kuliko sisi, nao hawana hata bustani. Tangu 2018, shirika la LEAD Foundation, linaloongozwa na Njamasi Chiwanga, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likifundisha vijijini mkoani Dodoma mbinu iliyopewa jina la Kisiki Hai. Hawapeleki miche. Wanamwonesha mkulima kwamba shamba lake lina msitu tayari, uko chini ya ardhi. Mti uliokatwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya mkaa au jembe umeacha kisiki, kisiki kina mizizi hai, na kila mwaka hujaribu kuinuka kama kichaka ambacho mbuzi na jembe hukirudisha chini. Mkulima anachagua machipukizi machache yaliyonyooka, anakata mengine yote, anapogolea matawi ya chini ya yale aliyoyaacha, kisha anafunga kitambaa ili kila apitaye ajue huo ni mti unaotunzwa. Nguvu ya mizizi mikubwa sasa inaingia kwenye shina moja au mawili badala ya kugawanywa kwa ishirini. Mti unapanda upesi kuliko mche wowote wa kiriba, na hauombi ndoo hata moja, maana mizizi yake ilishafika kwenye unyevu zamani. Vijiti vilivyokatwa vinakuwa kuni, mama anapunguziwa safari ya porini.

Mbinu yenyewe ilitangazwa na Tony Rinaudo, raia wa Australia aliyekuwa akifanya kazi Maradi, nchini Niger, katika miaka ya mwanzo ya 1980. Alikuwa amepanda miche ikafa, akapanda tena ikafa, hadi siku aliyogundua kwamba vichaka alivyovidharau pembeni mwa barabara vilikuwa miti iliyokatwa. Leo nchini humo eneo linalokadiriwa kufika hekta milioni 5 limerudiwa na miti kwa njia hiyo. Na sisi wa hapa tulikuwa na somo letu kabla ya hapo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka sana la Kondoa Irangi. Uamuzi ule uliwaumiza wafugaji na bado unajadiliwa, lakini ardhi ilijibu bila kubembelezwa: majani na miti vilirudi kutoka kwenye mizizi na mbegu zilizokuwamo.

Sasa linganisha na tunavyojenga mjini. Tangu Serikali ilipotangaza 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, viwanja vimepimwa kila upande, Nzuguni, Iyumbu, Njedengwa, Mtumba. Jambo la kwanza analofanya mwenye kiwanja ni kukisafisha. Greda linapita kutoka kigingi hadi kigingi, mikole na migunga inang'olewa na mizizi yake, kinabaki kiwanja chekundu kisicho na hata jani la kumfichia kinyonga. Nyumba ikiisha, mwenyewe anakwenda kitaluni kununua miche ya mapambo, anaichimbia mashimo kwenye udongo uleule ulioshindiliwa na greda, na kuimwagilia kwa maji ya bili miezi saba ya kiangazi. Nusu inakufa. Mkulima wa Chamwino, kilomita chache kutoka hapo, angemwambia bure: ungeacha visiki vitatu kwenye kona, ukavipogolea, ungekuwa unakaa kivulini leo.

Nitaambiwa kwamba kijana wa panga anahitaji kula, na kwamba mkosaji si yeye. Nakubali. Analipwa kwa kinachoonekana kimeanguka, na matawi manene ndiyo kuni na mkaa wake. Ukimlipa mtu kwa wingi wa alichokata, atakata. Kwa hiyo tubadilishe malipo na tumpe ujuzi. Mafunzo ya siku chache ya kupogoa, yanayotolewa na Jiji kwa kushirikiana na VETA, Wakala wa Huduma za Misitu na wakulima wa zabibu wenyewe wakiwa walimu, yangetoa vijana wenye msumeno, mkasi na kitambulisho ambao mwenye nyumba angewaita bila hofu. Taasisi zinazotangaza idadi ya miti ziliyoipanda zitangaze pia, kila mwaka wa tatu, idadi iliyopogolewa na iliyo hai. Mti usio na bajeti ya kukatwa vizuri utakatwa vibaya, hilo halina mjadala. Na kibali cha ujenzi kingeweza kumtaka mwenye kiwanja aoneshe kwenye ramani yake miti na visiki atakavyoviacha, kama anavyoonesha choo na mfereji.

Lakini usisubiri Jiji. Kama una kiwanja ambacho greda halijapita, kipitie leo ukiwa na vipande vya kanga kuukuu, ufunge kila kisiki chenye chipukizi unachotaka kiwe mti. Kama una nyumba tayari, nunua mkasi na msumeno wa mkono kabla ya kununua mche mwingine, na matawi utakayoyakata usiyachome, yakatekate uyatandaze shinani yatunze unyevu. Siku kijana wa panga akibisha hodi, usimwambie “punguza.” Toka nje, simama naye chini ya mti, na umwoneshe kwa kidole tawi gani linaondoka na gani linabaki. Kama huwezi kumwonesha, basi mti huo usikatwe siku hiyo.